Bustani ya Mimea na Sisi wa Malindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa watu: wazazi, walimu, vijana wa bodaboda wanaoshusha wageni Gede, wakulima wanaopakana na msitu, na wachumba wanaotafuta mahali pa kupigia picha. Mengine yaliulizwa kwa upole, mengine kwa hasira. Nimeyaacha yalivyo.

Kwani bustani ya mimea ni nini? Si mahali pa maua tu?

Maua yanaweza kuwepo, lakini siyo yanayoifanya iitwe bustani ya mimea. Kinachoifanya ni kumbukumbu. Kila mmea una namba na jina, na mahali fulani pana daftari linaloeleza mbegu yake ilitoka wapi, nani aliichuma na ilipandwa lini. Mmea ukifa, kifo chake nacho huandikwa. Ng'oa vibao vyote, uchome na daftari: miti itabaki pale pale, ila bustani ya mimea itakuwa imekwisha.

Pale mjini tuna bustani ya Mekatilili wa Menza, penye sanamu ya yule mama shujaa wa Wagiriama iliyozinduliwa mwaka 2010. Ni bustani ya umma na ina raha yake; mtu anakwenda kupunga upepo, kungoja mwenzake, kusikiliza mkutano. Hakuna anayekwenda pale kuuliza mti fulani ulitoka msitu gani, na hilo si kosa. Kazi yake ni nyingine.

Bustani kongwe ya mimea inayodumu mahali ilipoanzishwa iko Padua, Italia, tangu 1545. Ilianzishwa ili wanafunzi wa utabibu wajifunze kutofautisha mmea unaotibu na mmea unaoua. Afrika kuna ya Durban ya mwaka 1849, Entebbe ya 1898, na Amani katika milima ya Usambara, Tanzania, ya 1902. Ya Amani tutairudia, maana inatuhusu kuliko watu wanavyodhani.

Malindi tunayo?

Ukitafuta lango lenye maandishi "Bustani ya Mimea ya Malindi" utachosha miguu bure. Lakini kazi yenyewe inafanyika, ila imetawanyika. Msitu unaozunguka magofu ya Gede uko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Hapo hapo ndani ya uwanja wa Gede kuna mradi wa Kipepeo, wa kufuga vipepeo. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, ina kituo chake Gede. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, ndio mkubwa kuliko yote ya aina yake iliyobaki katika pwani ya Afrika Mashariki. Halafu kuna makaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, yaliyolindwa na wazee karne nyingi kabla ya wizara yoyote kuwepo.

Ukiviunganisha vyote, unapata sehemu karibu zote za bustani ya mimea: miti hai, watafiti, kitalu, watu wanaojua majina na matumizi. Kinachopungua ni mahali pamoja ambapo mwana wa Malindi anaweza kuingia na kuuliza. Kwa hiyo majibu mengi hapa chini yatakuelekeza huko na huko.

Gede si magofu? Miti inaingiaje?

Miti iliingia watu walipotoka. Gede ulikuwa mji wa Waswahili wenye misikiti, jumba la kifalme, visima na vyoo vya ndani, ukahamwa katika karne ya 17. Msitu ukaufunika. James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948, kazi iliyoendelea hadi 1958, ilibidi kwanza apambane na pori. Sehemu kubwa ya msitu ikaachwa, na hadi leo unatembea kutoka msikiti hadi kaburi ukiwa kivulini. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia.

Wenyeji waliogopa mahali pale. Waliamini pana mashetani ya watu wa kale, na ukikata mti pale utapatwa na jambo. Mimi sitakuambia uamini au usiamini. Nitakuambia tu kwamba hofu hiyo ilifanya kazi ya askari wa msitu bila mshahara, na ndiyo sababu una mibuyu mikubwa pale wakati kandokando yake ni mashamba.

Nenda usimame mbele ya mti uliootea juu ya ukuta. Mbegu iliachwa na ndege juu ya mawe ya matumbawe, mizizi ikateremka pande zote mbili kutafuta udongo, ikanenepa. Sasa huwezi kujua ukuta unaubeba mti au mti unaubeba ukuta. Mwanaakiolojia akiuona anataka uondolewe, kwa sababu mizizi inapasua chokaa. Mtu wa mimea anataka ubaki. Ukiukata vibaya, mizizi inaoza, na ukuta ulioshikwa nayo unamwagika. Wanaosimamia magofu yenye msitu hulazimika kuamua mti mmoja mmoja, na wala si kazi ya kumaliza; mvua ikinyesha mbegu nyingine imeshaota.

Baadhi ya miti njiani ina vibao vya majina. Ukienda asubuhi na mapema na ukanyamaza, unaweza kumwona sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, akichakurachakura majani makavu. Dunia nzima anapatikana katika misitu ya pwani ya Kenya tu, hasa Arabuko-Sokoke, na hapo Gede yupo.

Mbona vibao vimeandikwa Kilatini? Nani anasoma?

Kwa sababu mti mmoja una majina mengi na jina moja lina miti mingi. Huyu anasema mwarobaini, yule anasema mkilifi, na mti ni ule ule. Azadirachta indica ni jina moja kwa daktari wa Malindi na mkulima wa Bara Hindi. Lakini kibao chenye Kilatini peke yake ni uvivu. Kibao kizuri kinaanza na Kiswahili, kikafuata Kigiriama, kisha hilo la kisayansi kwa herufi ndogo chini.

Nasikia watu wa misitu hawaupendi mwarobaini. Umewakosea nini?

Uani kwako hauna kosa. Unatoa kivuli, mbuzi hawaumalizi kwa uchungu wake, na bibi zetu wameuchemsha miaka mingi. Tatizo ni kwamba ni mgeni kutoka Asia ambaye hakuja na adui zake. Ndege na popo wanakula tunda, wanaangusha mbegu ndani ya msitu, na miche inaota kwa wingi hadi inaziba miche ya miti ya asili. Misitu ya pwani, makaya yakiwemo, inalalamikia jambo hilo.

Hapa wachongaji wametusaidia. Zamani vinyago vya pwani vilichongwa sana kwa muhuhu, mti mgumu wa asili unaokua polepole mno, na msitu wa Arabuko-Sokoke uliumia kwa hilo. Siku hizi wengi wa Malindi na Mombasa wamehamia mwarobaini na mwembe uliozeeka. Mteja akishika twiga aliyepakwa rangi hajui tofauti. Kwa hiyo ukiwa na shamba linalopakana na msitu na mwarobaini umekuzidi, mtafute mchongaji kabla ya kumwita mchoma makaa.

Naweza kuja kuchuma majani ya dawa?

Hapana. Si Gede, si Arabuko-Sokoke, si kayani bila ruhusa ya wazee. Kila mtu akichuma gome kidogo, mti unabaki uchi. Gome likivuliwa kuzunguka shina lote, mti unakufa, kwa sababu chakula kutoka majanini hakifiki tena mizizini.

Lingine ni usalama. Kibao kinakuambia jina la mmea, hakikuambii kipimo. Mtipitipi una mbegu nyekundu zenye doa jeusi, nzuri hivi kwamba watu hutunga shanga, na sumu iliyo ndani ya mbegu moja iliyotafunwa inaweza kuua mtoto. Upande wa pili kuna lile ua dogo la waridi au jeupe lenye petali tano, linalojiotea barazani na makaburini kote pwani. Asili yake ni Madagaska. Humo wanasayansi walipata dawa mbili, vinkristini na vinblastini, zinazotumika hospitalini kutibu saratani ya damu na nyinginezo. Lakini ni kemikali chache mno zinazotolewa kwa tani za majani na kupimwa kwa matone. Chai yake si dawa ya saratani, ni sumu. Nimeandika hivyo waziwazi kwa sababu kuna watu wanaipika.

Mganga wa mitishamba anayejua kazi yake hupanda kwake. Akitaka mbegu au miche, aulize KEFRI.

Kwa nini tusiweke mbegu kwenye friji, tukamaliza maneno? Msitu unachukua ardhi.

Hili ni swali zuri kuliko yote ninayoulizwa, na jibu lake linatuhusu sisi wa pwani zaidi ya watu wa bara.

Mbegu nyingi kweli zinahifadhika kwa baridi. Wakehurst, Uingereza, kuna hazina kubwa ya mbegu za mwitu za dunia. Mbegu hukaushwa, zikawekwa katika nyuzi 20 chini ya sifuri, na huko zinaweza kukaa miaka mingi sana. Mbuyu unakubali. Mkwaju unakubali. Mtama na maharagwe, bila shida.

Lakini zipo mbegu zisizokubali kukaushwa. Kokwa ya embe ukiianika ikakauka kabisa, imekufa. Nazi vile vile. Na mkoko ndio usiseme: mbegu yake haingoji hata kuanguka. Inaota ingali juu ya mama yake, inaning'inia kama kijiti kirefu cha kijani, kisha inadondoka topeni tayari kusimama, au inachukuliwa na maji kwenda kutafuta tope lingine. Uweke wapi kitu hicho? Friji itakiua. Hazina ya mkoko ni mkoko wenyewe, pale kwenye hori ya Mida, mizizi ikiwa ndani ya matope. Ndiyo maana duniani bustani za miti hai hazijafungwa pamoja na kuwepo kwa mafriji.

Bustani nayo ina mwisho wa uwezo wake. Kuna mtapo mmoja wa Afrika Kusini, kwa jina la kisayansi Encephalartos woodii. Mwaka 1895 John Medley Wood, aliyekuwa akiongoza bustani ya Durban, aliukuta katika msitu wa oNgoye. Mimea hiyo ina dume na jike, na ule ulikuwa dume. Watu wametafuta jike zaidi ya karne, hadi kwa ndege zisizo na rubani, hawajaona. Yote iliyopo leo katika bustani za dunia ilichipuzwa kutoka kwa dume lile moja. Hakufa, na wala hajazaa. Tunda la kuchelewa ni hilo.

Faida kwa jamii iko wapi? Msitu hauliwi.

Aliyeuliza hivi ana shamba karibu na Arabuko-Sokoke na tembo wamemtembelea, kwa hiyo sikumjibu kwa hotuba.

Mradi wa Kipepeo ulianza 1993, wakati ambapo wengi waliopakana na msitu waliona afadhali ukatwe wagawiwe ardhi. Kazi yake ni hii: mfugaji ananasa vipepeo wachache wazazi, anawaweka kwenye kizimba cha wavu, wanataga, viwavi wanalishwa hadi wajifunge kuwa pupa. Pupa hununuliwa na mradi, zikapakiwa kwa pamba na kusafirishwa kwa ndege kwenda nchi za nje, ambako kuna nyumba za vioo za kuonyesha vipepeo wakiruka. Ni biashara ya mbio. Pupa haina subira. Ikichelewa uwanja wa ndege, mteja anafungua sanduku na kukuta mabawa yaliyokunjamana.

Sasa mmea unaingia hapa. Kiwavi si mbuzi, hali kila kitu. Kila aina ina majani yake, na ukimpa mengine atakufa njaa juu yake. Yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hutaga kwenye mlimau na mchungwa, kwa hiyo ukimwona ameng'ang'ania mlimau wako usidhani anatalii. Lakini aina nyingi zinazonunuliwa zinakula miti ya msituni tu. Mfugaji analazimika kuijua miti hiyo, kuitafuta, kuipanda uani. Bila cheti chochote amekuwa mtunza bustani ya mimea, na anaweza kukutajia majani ambayo mwanafunzi wa chuo hajui yanaanzia wapi.

Hakuna aliyejenga ghorofa kwa pupa peke yake. Ni ada ya shule, ni unga, ni bati. Kuna na asali. Kuna shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya pale Watamu, ambao wana mpango wa kulipia karo za sekondari watoto wa familia zinazopakana na Arabuko-Sokoke na Mida, fedha nyingine zikitoka kwa wageni wanaotembea kwenye daraja la mbao la Mida. Faida hizo hazimfikii kila mtu, na aliyeharibiwa mahindi na tembo ana haki ya kulalamika hata kama jirani yake anauza vipepeo.

Ile mibuyu iliyong'olewa Kilifi kupelekwa nchi ya Georgia, kulikuwa na ubaya gani? Wenye mashamba si walilipwa?

Walilipwa. Mwishoni mwa 2022 vyombo vya habari vilitaja kati ya shilingi laki moja na laki tatu kwa mti. Mibuyu mikongwe ilichimbuliwa kwa mashine, matawi yakakatwa, mizizi ikafungwa, ikangoja kusafirishwa hadi bustani ya miti kando ya Bahari Nyeusi. Novemba mwaka huo Rais William Ruto aliagiza shughuli ichunguzwe, akitaja vibali na Itifaki ya Nagoya, ule mkataba wa kimataifa unaosema mali ya kibaiolojia ya nchi isichukuliwe bila idhini na bila mgao wa faida.

Mimi siwalaumu wauzaji. Mtu ana mbuyu katikati ya shamba la mahindi, kivuli chake kinamla mistari kadhaa, majirani wanamwambia una jini, na anatokea mnunuzi na laki moja. Asipouza, kesho anaukata bure. Aliyepaswa kuulizwa ni mwenye bustani kule ng'ambo. Bustani ya mimea yenye heshima haihitaji mti wa miaka mamia. Inahitaji mbegu, na idhini, na maandishi ya mbegu ilikotoka. Mbegu za mbuyu zinaingia kiganjani na zinapita posta. Anayetaka mzee mzima, mwenye tumbo na makunyanzi, hatafuti elimu ya mimea. Anatafuta pambo, na anataka kuruka miaka ambayo sisi na babu zetu tuliusubiri.

Popo waliokuwa wakija usiku kwenye maua ya mbuyu ule, maana ua la mbuyu hufunguka magharibi na popo ndio wachavushaji wake, hawakuwekwa kwenye mkataba. Wala wauza mabuyu. (Na wewe uliyeniuliza: usijaribu kuotesha mabuyu ya dukani. Yameshapikwa na sukari na rangi, yamekwisha habari yake.)

Kuna mmea wa huku kwetu uliovuma duniani?

Upo, na watu wa Kilifi wengi hawajui. Nenda nyumba yoyote Ulaya au Marekani, dirishani utakuta kikopo chenye mmea mfupi wa majani yenye manyoya laini na maua ya zambarau. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliuona upande wa Tanga, akapeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata ukapewa jina la kisayansi la Saintpaulia kwa heshima ya familia hiyo. Kutoka hapo umezalishwa kwa aina maelfu na kuuzwa kwa mamilioni.

Ndugu yake wa porini anaishi Kilifi, kwenye miamba ya chokaa yenye kivuli kama ile ya Cha Simba, juu ya jiwe lenye udongo usiojaza kijiko. Hana mahali pengine duniani ila miamba michache ya wilaya zetu za nyuma ya pwani, na yumo katika orodha ya walio hatarini kabisa. Mti unaomtilia kivuli ukikatwa, jiwe linapata jua na yeye anakauka. Tafadhali usiende kumng'oa ukampande kwenye kopo. Wale wa dirishani Ulaya wameshazoea kopo, huyu hajazoea.

Haya si mambo ya wakoloni?

Mengine ndiyo. Arboretum ya Nairobi ilianzishwa 1907 kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka, kwa sababu reli ilikuwa ikila kuni. Amani ilikuwa ya Wajerumani, na hawakupanda mikwinini na mipira kwa mapenzi ya kivuli. Walitafuta zao la kuuza. Mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa ulioanzia Amani mwaka 1902 ulihamishiwa Nairobi 1950, na leo uko kwenye Makumbusho ya Kitaifa, mkubwa kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki. Ndani yake kuna majani ya miti ya Malindi, yamebanwa kwenye karatasi, tarehe na mahali vimeandikwa. Mara nyingi jina la mzungu aliyechuma lipo. Jina la mwenyeji aliyemwonyesha mti ulipo, halipo.

Kwa hiyo hasira ina haki. Lakini karatasi zile sasa ni zetu, na ukitaka kuthibitisha kwamba mti fulani uliwahi kuota mahali ambapo leo ni machimbo, ushahidi ni huo.

Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa likizo tukapanda miti nchi nzima. Haitoshi?

Kupanda ni siku moja. Serikali imelenga miti bilioni 15 ifikapo 2032, na swali langu huwa lile lile: mti gani, wapi, nani anamwagilia mwezi wa Januari? Kaskazi ikivuma Malindi, jua linakausha kila kilichopandwa bila mpango.

Mikoko ndiyo inayofanyiwa vituko zaidi. Watu wanakuja na fulana za rangi moja, wanachomeka vijiti vya mkoko kwenye mchanga mweupe ambapo mkoko haukuwahi kuota, wanapiga picha, maji makuu yanakuja kuvichukua. Mkoko unataka tope na maji yanayoingia na kutoka kwa kiasi chake, na kila aina ina mstari wake: mlilana mbele kabisa baharini, mkoko wenyewe nyuma yake, mkandaa juu zaidi. Wavuvi wa Mida wanajua hayo bila ramani. Waulizwe kabla ya fulana kuchapishwa.

Mimi ni mwalimu. Nataka bustani ndogo ya mimea shuleni, bajeti sina.

Anza na daftari, siyo jembe. Tembea na watoto uwanja wa shule, muandike kila mti uliopo tayari. Watoto waulize majina nyumbani kwa babu na bibi, warudi nayo yote hata yakipingana. Mabishano ya darasani yatawafundisha zaidi ya kibao.

Vibao kata kwa debe la mafuta lililokwisha. Jina liandike kwa kupigapiga msumari mdogo, nukta kwa nukta, maana rangi hufutika kwa jua na chumvi ya bahari. Usikipigilie shinani. Kitundike kwa waya uliolegea, na kila mwaka ulegeze tena, mti unanenepa.

Mbegu za mbuyu zina ganda gumu. Zimwagie maji ya moto yaliyotoka jikoni, ziache humo usiku kucha. Mkwaju loweka maji ya kawaida. Otesha kwenye pakiti za maziwa zilizotobolewa chini, ili mvua za masika zikianza, Aprili hivi, miche iwe imefika goti. Zungushia miba. Mbuzi wa jirani hajui kwamba ule ni mradi wa elimu.

Usipande aina nyingi. Michache iliyoandikwa vizuri na kumwagiliwa inashinda mia iliyosahaulika. Na ukibaki na nafasi karibu na lango, weka mimea ya kunukia: asmini, mrehani, mkadi, mlangilangi. Kina mama watakaopita kutafuta cha kutungia vikuba vya harusi watajua mara moja kwamba mahali hapo pana mtu, na ndio watakaokuambia miche inayokufa unaikosea nini. Asmini na mlangilangi asili yake si Afrika, zilikuja kwa bahari kama wengi wetu. Ziandike hivyo kwenye daftari.

Kiingilio kipo? Saa ngapi nzuri?

Gede kiingilio kipo, mwananchi hulipa pungufu ya mgeni, na mtoto pungufu ya mtu mzima. Viwango hubadilika, uliza langoni. Nenda asubuhi. Arabuko-Sokoke wakati wa masika baadhi ya njia huwa tope tupu. Chukua kiongozi wa msituni mwenyeji. Bila yeye utaona kijani, ukiwa naye utaona miti.

Picha za harusi je?

Omba ruhusa ofisini kwanza. Na usipande juu ya kuta.

Kima wa Gede wanauma?

Wakibanwa, ndiyo. Kawaida yao ni kuiba. Ndizi iliyo mkononi si yako tena, na mfuko wa nailoni wanaujua kwa mlio wake. Usiwalishe hata wakikuangalia kwa huruma: kima aliyezoea mkate huacha matunda ya msitu, na matunda hayo yanamhitaji yeye ayabebe, ateme mbegu mbali na mti mama. Mtoto akipokonywa biskuti, mwache alie kidogo, usimkimbilie kima.